Wimbo na Mtu Aliyechoka

Uchovu una namna mbili. Wa kwanza ni ule wa mkulima arudipo shambani jioni. Hunawa, hula, hulala, na jogoo awikapo huamka mzima. Uchovu huo si ugonjwa, ni ushuru wa kazi. Wa pili ni ule usioondoka kwa usingizi. Mtu hulala usiku kucha na kuamka kama hakulala. Akichota ndoo moja ya maji, hulala kitandani siku nzima. Mwezi hupita, mwaka hupita, naye ni yule yule. Majirani huanza kunong'ona kwamba ni mvivu, au kwamba amerogwa, na mwenyewe hajui awajibu nini.

Juu ya uchovu huo wa pili watu wa mataifa mengi wameuliza swali moja tangu kale: Je, wimbo waweza kuwa dawa? Swali hilo liliulizwa katika nyumba za wafalme, katika monasteri, katika hospitali, na katika msitu wetu wa Ituri. Majibu yaliyotolewa ni mengi. Mengine yana ukweli, mengine yametiwa chumvi. Katika makala hii tutazifuata habari hizo moja moja, tukiuliza kila mara: Nani ameshuhudia? Nini kilipimwa? Na mgonjwa alipata nini?

Kwetu Bunia jambo hili si mchezo. Vita vya miaka 1999 hadi 2003 vilipita juu ya mji huu, na tangu Desemba 2017 mapigano ya Djugu yaliwafanya watu wengi sana kukimbilia hapa na vitanda vyao kichwani. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliwapata watu 3,470, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, nao 2,287 wakafa. Miongoni mwa waliosalia katika misiba hiyo wapo wengi wanaosema neno moja tu: Nimechoka. Waganga wa hospitali ni wachache. Kwaya na ngoma ziko katika kila mtaa. Basi dawa ambayo kila mtu anayo kinywani mwake, yatupasa tujue nguvu zake na mipaka yake.

Wafalme wawili

Habari ya zamani ijulikanayo na Wakristo wote ni ile ya mfalme Sauli, katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Roho mbaya ilimsumbua mfalme, naye akaletewa kijana Daudi apige kinubi. Daudi alipopiga, Sauli alipata nafuu. Wengi huishia hapo, na kusema kwamba Maandiko yanathibitisha kuwa muziki huponya. Lakini someni mbele. Katika sura ya kumi na nane, Daudi yupo anapiga kinubi kama siku zote, na Sauli anamtupia mkuki ili amchome ukutani. Kwa hiyo kinubi kilimtuliza Sauli, lakini hakikuung'oa mzizi wa ugonjwa wake. Kitabu kitakatifu kinasema wazi mambo yote mawili, nasi hatuna ruhusa ya kuchagua moja na kuficha jingine.

Mfalme wa pili ni Filipo wa Tano wa Hispania. Katika miaka ya 1730 alikuwa mtu aliyevunjika. Alikaa kitandani siku nyingi, hakunyolewa, hakutaka kusikia mambo ya serikali. Mkewe, malkia Elisabeth Farnese, alikuwa amesikia sifa za mwimbaji mmoja Mwitalia, Carlo Broschi, ambaye watu walimwita Farinelli. Katika mwaka 1737 akamwita Hispania ili amwimbie mfalme. Mfalme alipomsikia, aliinuka, akakubali kunyolewa na kushughulika na kazi yake. Farinelli, aliyekuwa akishangiliwa na mji mzima wa London, aliacha kuimba mbele ya makutano, akamwimbia mfalme usiku baada ya usiku, muda wa miaka karibu tisa, mpaka mfalme alipokufa mnamo Julai 1746.

Tazameni hesabu hiyo: miaka tisa. Dawa inayoponya hainywewi miaka tisa kila usiku. Filipo hakupona, giza lilimrudia mara kwa mara. Hata hivyo wimbo ulimpa saa kadhaa za kuwa mtu kati ya watu, na serikali yake ikapata mfalme wa kutia sahihi. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, nafuu ya saa chache si kitu kidogo. Nafuu hiyo ina thamani yake, ila tusiiite uponyaji.

Waislamu nao walikuwa na desturi hiyo. Katika mji wa Edirne, nchi ya Uturuki, sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeitembelea katika karne ya 17, ameandika kwamba waimbaji na wapiga vinanda walikuja huko kuwachezea wagonjwa, hasa wale waliosumbuliwa akilini. Nyumba ile ingali imesimama, nayo ni makumbusho ya uganga. Lakini hapo pia jambo moja lapasa kuangaliwa: wanamuziki walikuja ndani ya hospitali, penye waganga, dawa na chakula. Waganga hawakufukuzwa ili wapiga vinanda wachukue mahali pao.

Msitu unaoamshwa

Sasa tuje nyumbani. Msafiri akitoka Bunia kuelekea magharibi, akapita Komanda na Mambasa, hufika Epulu, ndani ya msitu wa Ituri. Huko, katika miaka ya 1950, Mwingereza Colin Turnbull alikaa na Wambuti, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1961. Kabla yake padri Paul Schebesta alikwisha kuzunguka kambi zao tangu mwaka 1929. Na mwaka 1952 Hugh Tracey alipita pande hizi na mashine yake, akanasa nyimbo za Wambuti, Wabira, Wanande na Wabudu. Kwa hiyo habari za nyimbo za msitu huu tunazo kwa mashahidi zaidi ya mmoja.

Turnbull anaeleza hivi. Wambuti huuona msitu kama baba na mama. Mawindo yakipotea, au ugonjwa na kifo vikiingia kambini, hawasemi kwanza kwamba adui amewaroga. Husema kwamba msitu umelala, na kwa kuwa umelala hauwatunzi watoto wake. Mtoto hufanya nini mzazi wake akilala wakati wa hatari? Humwamsha. Nao huuamsha msitu kwa kuimba, ili uamke na furaha. Hiyo ndiyo molimo. Kila jioni, kwa majuma mengi, wanaume huketi na kuimba kuzunguka moto, na baragumu refu huwajibu kutoka gizani. Turnbull alitazamia kuona baragumu la mti lililochongwa kwa uzuri. Akakuta ni bomba la chuma lililopatikana kwa wajenzi wa barabara. Alipostaajabu, wakamwonyesha kwamba jambo kubwa ni sauti, si kitu kinachoitoa.

Neno lingine linagusa sana habari yetu. Katika molimo, mwanamume akisinzia wakati wenzake wanaimba, ni kosa zito sana. Ingawa amewinda mchana kutwa, hana budi kukesha na kuimba. Hapo wimbo haumpumzishi mtu mmoja kitandani. Unaikusanya kambi nzima iliyopigwa na msiba, unailazimisha isivunjike vipande, kila mmoja katika kibanda chake. Sauti za Wambuti zimesukwa kama mkeka: huyu hushika ukindu huu, huyu ule, na mmoja akiacha, tundu huonekana.

Si Wambuti peke yao. Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja, ngoma, kwa chombo kinachopigwa, kwa mchezo wenyewe, na katika sehemu nyingi kwa mkutano wa kumtibu mgonjwa. Mwamerika John Janzen aliwachunguza waganga wa ngoma katika miji ya Kinshasa, Dar es Salaam, Cape Town, na katika nchi ya Swaziland, akatoa kitabu mwaka 1992. Aliona kwamba katika ngoma hizo mgonjwa haketi tu kusikiliza. Huingizwa katika kundi la watu waliopatwa na mateso kama yake, hufundishwa kuitikia, na mwisho hutazamiwa kuutoa wimbo wake mwenyewe mbele ya wote. Sisi Wakristo hatukubali kila linalosemwa juu ya pepo katika ngoma hizo. Lakini kulikataa fundisho la pepo hakutuzuii kuona lililo wazi kwa macho: mtu aliyejitenga amerudishwa kati ya wenzake, na aliyenyamaza amepewa sauti.

Na tena kuna nyimbo za kazi. Wasukuma wa Tanganyika ya zamani wana vyama vya kulima kwa ngoma, na wale waitwao Bagobogobo wanajulikana mbali kwa kucheza na majembe yao. Jembe huinuka na kushuka pamoja, na shamba ambalo lingemshinda mtu mmoja humalizwa na kundi lingali likiimba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ila na hapo tuwe waangalifu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na babu zetu wengi walipelekwa migodini na njiani kwa mizigo, si kwa hiari yao. Mpagazi naye huimba. Wimbo wake ulimsaidia kuinua mguu, lakini haukumpa posho, haukupunguza mzigo, wala haukuponya mgongo. Msimamizi akisikia wimbo asidhani kwamba watu hawakuchoka.

Wamonaki waliochoka

Kati ya habari zote za wimbo na uchovu, iliyosimuliwa zaidi katika miaka ya karibu ni ya monasteri moja ya Wabenedikto katika Ufaransa. Aliyeisimulia ni daktari Alfred Tomatis, aliyezaliwa Nice mwaka 1920 na kufa mwaka 2001, bingwa wa magonjwa ya sikio.

Wabenedikto, kama msomaji ajuavyo, huimba zaburi mara nyingi kila siku, na kwa karne nyingi waliziimba kwa Kilatini, kwa sauti za Gregori. Baada ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, asema Tomatis, abate kijana wa monasteri ile aliona kwamba saa hizo za kuimba ni hasara, akaziondoa ili wamonaki wapate nafasi ya kazi nyingine. Haukupita muda mrefu wakaanza kuchoka. Daktari wa kwanza akasema: Wanalala kidogo mno, waongezewe usingizi. Wakazidi kuchoka. Mwingine akasema: Hawali nyama, wapewe nyama. Wakazidi. Mwaka 1967 Tomatis akaitwa, akakuta, kwa hesabu yake, wamonaki 70 katika 90 wamelegea vyumbani mwao. Aliwapa mazoezi ya kusikiliza kwa chombo chake cha umeme, akawarudishia uimbaji wao. Baada ya miezi michache wengi wakarudia sala, kazi na usingizi mfupi wa desturi yao.

Habari hii ni tamu, hasa kwetu tunaofundisha nyimbo za kanisa. Ndiyo sababu yatupasa tuipime kwa mizani ile ile tuliyompimia Farinelli. Shahidi ni nani? Ni daktari mwenyewe aliyetibu, naye alikuwa akitetea fundisho lake kwamba sauti za juu hulisha ubongo nguvu kupitia sikio, fundisho ambalo wataalamu wengi hawakulikubali. Je, palikuwa na kundi jingine la wamonaki wasiorudishiwa wimbo, ili wapate kulinganishwa? Halikuwapo. Je, ni wimbo tu ulioondolewa? La. Pamoja na wimbo waliondolewa saa zao, desturi yao, chakula chao, na kukutana kwao mara nyingi kwa siku. Mtu akivua nguo tano mara moja na kupata baridi, ni nani ajuaye ni nguo ipi iliyokuwa ikimtia joto?

Kwa hiyo habari ya wamonaki haithibitishi kwamba wimbo huponya uchovu. Lakini haifai kutupwa. Inatuonya kwamba mwili wa mtu anayeishi kwa mapigo ya saa fulani, pumzi fulani na wenzake fulani, si jiwe. Ukimwondolea vyote kwa ghafula, huenda akaanguka, hata kama analala vizuri na kula vizuri. Na tuongeze kwa haki kwamba Mtaguso haukuagiza jambo hilo. Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963 ilizipa nyimbo za Gregori mahali pa kwanza katika ibada ya Kilatini, na katika hati hiyo hiyo ikaagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake.

Ugonjwa uliotafutiwa jina

Tumesema kwamba uchovu una namna mbili. Sasa tuseme kwamba namna ya pili nayo ina vyanzo vingi, na hapa ndipo penye hatari.

Ugonjwa wa malale ulipoenea kando ya Ziwa Viktoria kati ya miaka 1900 na 1920, uliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda. Dalili zake ni uchovu, kusinzia mchana, na akili kuvurugika. Safura huleta uchovu, kwa maana minyoo hunywa damu polepole. Kifua kikuu huleta uchovu. Upungufu wa damu, kisukari, malaria isiyomalizwa, njaa, na huzuni nzito ya moyo, vyote huleta uchovu. Siku za ukoloni mabwana wengi walimwona mfanyakazi mwenye safura, wakaandika neno moja tu: mvivu. Nao waliopona Ebola tunajua habari zao kwa uchunguzi mkubwa uliofanywa Liberia na kutangazwa mwaka 2019: walipolinganishwa na jamaa na majirani wasiougua, walionekana kuwa na uchovu zaidi, maumivu ya kichwa zaidi, maumivu ya viungo zaidi, na kusahau zaidi. Kwa hiyo mtu aliyepona Ebola akikuambia amechoka, usimwambie ajikaze. Anasema kweli iliyopimwa.

Na upo uchovu mwingine ambao mpaka leo waganga hawajajua chanzo chake chote. Katika mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free ya London, watumishi zaidi ya 200, wengi wao wauguzi, waliugua ghafula, na hospitali ikafungwa kwa majuma kadhaa. Baadhi yao hawakurudia nguvu zao za kwanza. Mwaka 1970 waganga wawili waliandika kwamba ule ulikuwa ni msisimko wa akili tu, na neno hilo likawaumiza wagonjwa wa namna hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu hawakusadikiwa. Katika mwaka 1988 Wamarekani waliuita ugonjwa wa uchovu wa kudumu. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza alama zake kuu: uchovu mzito unaozidi miezi sita na kumzuia mtu kufanya kazi zake za kwanza, usingizi usioburudisha, na hasa hili, kwamba mgonjwa akijitahidi kupita kiasi, hali yake huharibika, mara nyingi siku ya pili yake, kwa siku nyingi.

Alama hiyo ya mwisho ishikwe sana na kila kiongozi wa kwaya na kila mpiga ngoma. Waingereza walikuwa wakiwaagiza wagonjwa hao waongeze mazoezi hatua kwa hatua. Mwaka 2021 baraza lao la kuongoza waganga liliacha kuyapendekeza, kwa maana wagonjwa wengi walisema yamewadhuru. Basi, kumkokota mgonjwa wa namna hiyo kwenye mkesha, acheze mpaka alfajiri ili shetani wa uchovu amtoke, ni kumtwisha mzigo juu ya mzigo. Atacheza, maana ngoma ina nguvu ya kuinua miguu. Watu watashangilia kwamba amepona. Kesho kutwa ataanguka, na hapo hapatakuwa na mtu wa kumshangilia. Wahenga walisema: Ngoma ikilia sana, karibu hupasuka.

Yaliyopimwa

Labda msomaji atauliza: Je, hakuna lolote lililopimwa kwa namna ya kuaminika? Lipo, na tulitaje kwa kiasi chake.

Tangu vita vya pili vya dunia wanamuziki walipowachezea askari waliojeruhiwa katika hospitali za Marekani, kazi hiyo ilianza kuwa na masomo yake. Chuo cha Michigan kilifungua masomo ya uganga wa muziki mwaka 1944, na chama cha taifa kikaanzishwa huko mwaka 1950. Katika Uingereza mpiga selo Juliette Alvin alianzisha chama chao mwaka 1958. Wanamuziki hao hufanya kazi pamoja na waganga, wala hawashindani nao.

Mwaka 2001 Mwitalia Luciano Bernardi na wenzake walitangaza jambo linalowagusa wanaosali rozari. Waliwachukua watu wazima 23 wenye afya, wakawasikiliza pumzi na mapigo ya moyo huku wakisali Salamu Maria kwa Kilatini. Waliona kwamba sala hiyo, ikipokezanwa kwa desturi kati ya kiongozi na watu, huifanya pumzi kuwa ya polepole, karibu mara sita kwa dakika, na kwa mwendo huo moyo na mishipa hupatana vizuri zaidi. Sala za Kihindi zenye kurudiwarudiwa zilileta jambo lile lile. Hapo haikusemwa kwamba ugonjwa fulani umepona. Ilionekana tu kwamba kupokezana sauti kwa utaratibu huipa pumzi mwendo wake. Mwimbaji hawezi kuhema ovyo. Wimbo humfundisha kutoa pumzi polepole na kungoja zamu yake.

Tena mwaka 2021 wataalamu walikusanya majaribio 81 ya muziki kwa wagonjwa wa kansa, wagonjwa zaidi ya 5,500 kwa jumla. Waliona dalili kwamba kwa watu wazima muziki waweza kupunguza wasiwasi, maumivu, na uchovu pia. Lakini kwa uchovu faida ilikuwa ndogo, na wenyewe wakasema kwamba ushahidi bado si imara. Huo ni uchovu wa wagonjwa wa kansa. Si haki kuuchukua ushahidi huo mzima na kuubandika juu ya kila mchovu.

Basi, ukiziweka pamoja habari zote, tangu Sauli hadi majaribio hayo 81, zinapatana kwa neno moja. Wimbo hauung'oi mzizi wa uchovu. Wimbo humpa aliyechoka mwendo na wenzake. Humpa pumzi iliyopangwa, saa iliyopangwa, na mahali pake kati ya watu. Na anayeimba mwenyewe, hata kwa sauti ndogo, hupata jambo ambalo anayeimbiwa tu halipati. Mfalme Filipo aliimbiwa miaka tisa, akabaki katika kiti chake. Mgonjwa wa ngoma na Mmbuti katika molimo wana sehemu yao katika wimbo, na wenzao huwangojea waishike.

Lililo letu

Haya yatufundishe nini sisi wa Bunia? Mambo manne.

La kwanza: zahanati itangulie. Mtu aliyechoka zaidi ya majuma machache apimwe damu, kifua, na minyoo, kabla hatujamwombea wala kumpigia ngoma. Anayesema wimbo wake unatosha, na kumzuia mgonjwa asiende kwa mganga wa hospitali, huyo ni mwizi wa siku za mgonjwa, hata akiimba vizuri namna gani.

La pili: tumsadiki mchovu. Waliopona Ebola, waliokimbia Djugu, mama waliozika watoto wao na bado wanachota maji kila asubuhi, hawa si wavivu. Jina la uvivu limeua watu wengi katika nchi hii kabla ya ugonjwa kuwaua.

La tatu: kiasi. Kwa mgonjwa, nyimbo mbili akiwa ameketi, kisha apumzike, ni bora kuliko mkesha. Akitaka kuitikia tu, aitikie. Akitaka kunyamaza, anyamaze, ila aketi kati yetu. Na siku ya pili mtu aende kumwuliza: Umeamkaje? Jibu lake ndilo kipimo chetu, siyo makofi ya jana.

La nne: twende nasi na wimbo mahali mgonjwa alipo. Kwaya nyingi huvaa sare na kungoja Dominika. Lakini mchovu hafiki kanisani. Yumo nyuma ya pazia la chumba, au chini ya turubai la kambi. Watu watatu wenye sauti za upole wanatosha. Wakae, waimbe wimbo ambao yeye aliujua tangu utoto, kwa lugha yake, na wamwachie ubeti mmoja. Pengine atautoa wote, pengine neno moja tu.

Katika nchi hii wapo watu wa kabila moja na jingine waliofukuzana kwa mapanga, na katika kambi na mitaa yetu wachovu wa pande zote mbili wamelala kwa uchovu ule ule. Wambuti walituonyesha kwamba wimbo wa namna ile hauimbwi na mmoja, na mmoja akiacha tundu huonekana. Matundu katika mkeka wetu ni mengi. Kazi yetu ni kwenda kumketisha kila mmoja mahali pake, polepole, kwa kadiri ya nguvu zake, na kumngojea mpaka aweze kuitikia.